Karatasi ya daktari jikoni kwa Amma

Siku kumi za mwisho za safari yetu ya India ziliangukia ndani ya Ramadhani. Saumu ya kwanza huko ilikuwa Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, nasi tulikuwa na tiketi ya kuondoka usiku wa kuamkia Ijumaa ya tarehe 22. Tulikuwa Chennai, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Madras, tangu katikati ya Desemba, siku chache baada ya kimbunga kilichoitwa Michaung kuufurikisha mji ule. Tulifika tukakuta magodoro yameanikwa juu ya kuta. Tulipokaribia kuondoka, jua lilikuwa kali kiasi cha kulainisha lami, na mtaa tuliopanga, wenye Waislamu wengi, ulikuwa kimya mchana kutwa kwa ajili ya saumu.

Tulikwenda watu wawili, mume na mke, tukiwa na figo mbili nzima baina yetu. Tulirudi na mbili zile zile, ila sasa kila mmoja anayo moja. Nani alitoa na nani alipokea hatutalisema: wanaotujua wanajua, na kwa asiyetujua halina faida. Upandikizaji wa figo unafanyika hapa nchini tangu Novemba 2017, ulipoanza Muhimbili, na mwaka uliofuata ukafanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kwa nini sisi tulivuka bahari ni habari ndefu na si ya ukurasa huu. Ya upasuaji nayo tunayaacha. Tunataka kuzungumza juu ya chakula, kwani baada ya kisu cha mpasuaji hakuna jambo lililotutia hofu kuliko sahani, na hakuna lililotufurahisha kuliko sahani hiyo hiyo.

Msomaji ambaye hajapata kuuguza mgonjwa wa namna hii anastahiki kuelezwa. Mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, ili mwili usiipige vita figo ngeni. Lakini kinga ikishashushwa, imeshushwa kwa kila kitu. Kijidudu ambacho kwa mtu mzima wa afya kingemletea tumbo la kuendesha siku moja, kwa huyu chaweza kumrudisha wodini. Kwa hiyo siku ya kutoka hospitali tulipewa karatasi yenye kurasa mbili. Chakula kiwe kimepikwa kikaiva na kiliwe kingali moto. Kisiwe kimekaa. Kachumbari na kila kibichi kiachwe, isipokuwa tunda lenye ganda ambalo mtu amelimenya mwenyewe kwa mikono iliyooshwa. Maziwa yawe yamechemshwa, yai liive hadi kiini kigande. Balungi na danzi marufuku kabisa, maana huzuia mwili kuivunja dawa, dawa ikazidi katika damu na kuidhuru figo ile ile iliyokusudiwa kulindwa. Chumvi kidogo sana. Dawa za miti na unga wowote wa tiba, hata habasoda, usitumiwe kama dawa kabla ya kumwuliza daktari. Na dawa zenyewe zinywewe kila baada ya saa kumi na mbili bila kupitisha, tumbo likiwa tupu: kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku.

Wiki sita za mwanzo baada ya kutoka wodini tuliishi kwa karatasi hiyo kama watu walio kifungoni. Tulijipikia wenyewe katika chumba cha kupanga, kwenye jiko la umeme la sahani moja. Unga wa sembe tuliotoka nao nyumbani uliisha mwezi wa Februari, tukaanza kusonga ugali wa suji, yaani ngano iliyosagwa chengachenga, ambao kwa sura unapendeza na kwa ladha una lake. Hatukula nje hata mara moja. Tulikuwa tukirudi kutoka kliniki tunapita mbele ya majiko yanayofuka moshi wa vitunguu na majani ya mchuzi, tumefunga barakoa, tumeinamisha nyuso kama wanaopita mahali pa aibu.

Kisha, siku tatu kabla ya Ramadhani, daktari alitazama majibu ya damu akasema tunaweza kula nje, kwa sharti kwamba chakula kimetoka motoni mbele ya macho yetu na mahali penyewe hapana msongamano. Kwa muda wa ruhusa hiyo tumemshukuru Mwenyezi Mungu kuliko tulivyomshukuru kwa mambo mengine makubwa zaidi. Binadamu ndivyo alivyo.

Mlo wetu wa kwanza wa nje ulikuwa idli. Tulikwenda alfajiri, mara baada ya swala, mkahawa ukiwa ndio kwanza unafungua milango, ili tukae peke yetu karibu na dirisha. Ni mkahawa usiopika nyama kabisa, kama ilivyo mingi katika mji ule, jambo ambalo kwa Muislamu mgeni huondoa maswali mengi ya uchinjaji kwa mara moja. Idli ni mkate mdogo wa mchele na choroko nyeusi, vilivyolowekwa, vikasagwa, vikaachwa vichachuke usiku kucha, kisha vikapikwa kwa mvuke. Mtu wa pwani akitaka kuuelewa na afikirie kitumbua kisichotiwa sukari wala kukaangwa. Uliletwa juu ya jani la mgomba, unatoa mvuke, pamoja na mchuzi wa dengu uitwao sambar ambao ndani yake mna vipande vya maganda ya mlonge. Mlonge huu huu ambao kwetu huuzwa kama unga wa kutibu maradhi mia moja, kule ni mboga tu: mtu hulinyonya ganda, akala utomvu na mbegu laini, akatupa makapi. Chatini ya nazi mbichi tuliirudisha. Mhudumu hakuuliza kitu. Aliitazama barakoa iliyokuwa mezani, akaenda akarudi na bakuli la pili la sambar, limetoka kuchemka upya.

Tulikula idli sita. Hatukusema neno mpaka zilipokwisha.

Ramadhani ilipoingia, jambo likabadilika. Sisi wote wawili hatukufunga. Mpokeaji asingeweza, kwa kuwa figo changa hutaka maji saa zote. Na mtoaji naye alikatazwa kwa mwaka ule, kidonda chake kikiwa hakijamaliza miezi miwili. Udhuru wa mgonjwa na wa msafiri umo katika Qur'ani yenyewe, nasi tulikuwa na vyote viwili. Suala la nani atalipa siku zake baadaye na nani atalisha maskini badala yake tuliliacha kwa sheikh wetu na daktari wetu, wakubaliane. Hata hivyo, kujua ruhusa ni jambo moja, na kukaa katika nyumba ya watu waliofunga huku unatafuna mchana ni jambo jingine. Siku ya kwanza tulifunga dirisha, tukala suji yetu kwa kunong'ona.

Nyumba ile ya wageni ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Muislamu, msemaji wa Kiurdu, ambaye wapangaji wote walimwita Amma, nasi tukamwita hivyo. Yeye akituita beta, kama watoto wake. Mjukuu wake aliyekuwa akisoma chuo ndiye aliyetutafsiria kwa Kiingereza. Adhuhuri ya siku ya pili Amma alibisha hodi. Alikuwa amesikia harufu ya jiko letu, akaelewa kwamba hatukufunga, na akaelewa pia kwa nini tumefunga dirisha. Hakutoa pole wala nasaha. Aliomba kuiona karatasi ya daktari.

Mjukuu aliisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, akiigeuza kwa Kiurdu, naye Amma akimkatiza kwa maswali. Balungi ni lipi? Likiwa limepikwa je? Chumvi kidogo ni kiasi gani, kijiko kipi? Samaki? Tui la nazi? Saa ngapi hasa dawa, na kabla yake tumbo liwe tupu kwa muda gani? Baada ya hapo akaichukua ile karatasi, akaibandika jikoni kwake juu ya meko. Tangu siku hiyo mpaka tunaondoka, kila adhuhuri alituletea sinia lililofunikwa: wali, samaki au kuku, na mchuzi uliotengenezwa katika sufuria ndogo ya peke yake. Yeye mwenyewe amefunga, na joto la jiko la Chennai mwezi wa Machi si la mchezo. Tulitaka kulipa, akakasirika hasira ya kweli. Tulimwomba asijisumbue, mjukuu akakataa hata kuitafsiri sentensi hiyo.

Kuna jambo dogo lililotupa nafasi ya kumrudishia. Mpishi aliyefunga hawezi kuonja apendavyo. Wanazuoni wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi pakiwa na haja, bila kumeza, lakini Amma alikuwa mwangalifu na hakupenda kuukaribia mpaka huo. Sasa akapata katika nyumba yake watu wawili wenye udhuru wa kisheria. Kila siku, kiasi cha saa kumi na moja na nusu jioni, tukaitwa jikoni kuonja sufuria kubwa ya familia. Kwa kuwa mpokeaji alikatazwa chumvi, mtoaji ndiye aliyeonja chumvi, na mpokeaji akatoa hukumu ya harufu na rangi. Pana chumvi? Kidogo. Pilipili? Inatosha, Amma, inatosha kabisa. Watu tisa walifuturu kwa ulimi wetu. Tangu tulipougua, kila mtu alikuwa akitufanyia kitu. Kwa miezi mingi hapakuwa na aliyetuomba tumfanyie.

Chakula cha Ramadhani cha Waislamu wa Tamil Nadu ni uji, nao huuita nombu kanji, maana yake uji wa saumu. Hupikwa misikitini katika masufuria makubwa, na baada ya Alasiri watoto na watu wazima huja na vyombo vyao kuchukua cha nyumbani, na haulizwi mtu dini yake. Serikali ya jimbo lile imekuwa na desturi ya kuipa misikiti mchele kwa ajili ya uji huu. Ndani yake mna mchele uliopondeka, choroko, nyama ya kusaga, kitunguu saumu kingi, tangawizi, uwatu, nanaa na tui la nazi. Sisi tuliokulia kwenye uji wa pilipili manga wa Ramadhani za nyumbani tuliutambua tangu kijiko cha kwanza, kama mtu anavyomtambua binamu yake ambaye hajapata kumwona. Mjukuu alikuwa akiuleta ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko. Wa familia uliwekwa mezani kama ulivyo. Wetu Amma aliuchukua tena akauchemsha, akauacha ufurukute, ndipo akaumimina. Na kwa sababu dawa ni saa tatu usiku, alihakikisha tumeshamaliza kula kabla ya saa moja. Wenzetu wakiendelea na sambusa na matunda, yeye alikuwa akiitazama saa ya ukutani kwa niaba yetu.

Tulimwuliza mjukuu kama yupo katika nyumba ile aliyepata kuugua figo. Akasema hapana. Babu yake alikuwa na kisukari, na katika siku za maradhi yake alikuwa akilishwa peremende na jamaa kwa siri, kwa huruma. Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza zaidi.

Jumamosi ya kwanza ya Ramadhani tulikwenda Triplicane, mtaa wa kale wa Waislamu, kuutazama Msikiti wa Wallajah. Ulijengwa mwaka 1795 na familia ya Nawabu wa Arcot, kwa jiwe la kijivu, wenye ua mpana na njiwa wengi mno. Hatukuingia katika msongamano. Tulisimama upande wa nje, penye hewa. Tulikuwa tumesimuliwa habari moja, tukataka kuiona kwa macho. Tangu miongo mingi iliyopita, futari ya mamia ya watu katika msikiti ule huletwa na kuhudumiwa na Wahindu. Asili yao ni Sindh, nchi iliyobaki upande wa Pakistan India ilipogawanywa mwaka 1947, na wazee wao walikuwa miongoni mwa waliokimbia mgawanyo ule wakaja kuanza upya Madras. Hupika wenyewe chakula kisicho na nyama mtaani kwao Mylapore, wakakileta kwa gari kabla ya Magharibi. Tuliwaona wakishusha masufuria, wanaume wa makamo kwa vijana, kofia vichwani kwa heshima ya mahali, wakipanga sahani mbele ya watu waliofunga, bila kelele na bila kupiga picha.

Mmoja wao alitukuta tumesimama pembeni akatuletea sahani mbili. Hapo palikuwa pagumu. Chakula kile kilikuwa kimesafiri na kukaa. Karatasi ilikuwa wazi. Kukataa chakula cha mtu aliyeacha shughuli zake kuwafuturisha Waislamu, tena sisi tukiwa Waislamu wageni, kulitutia uzito. Tuliweka mkono kifuani, tukainama, tukaonyesha barakoa, na mtoaji akagusa ubavu wake mahali pa kovu. Yule bwana alitazama kidogo, akarudisha sahani, akaondoka. Tukadhani tumemvunja moyo. Akarudi na ndizi mbili zenye maganda yake, na chupa ya maji iliyofungwa. Hatujui alijifunza wapi. Huenda na nyumbani kwake kuna mgonjwa. Ndizi ina potasiamu nyingi, na mpokeaji alikuwa akihesabiwa potasiamu, kwa hiyo akala nusu. Moja na nusu zikamwendea mtoaji, wala hakulalamika.

Tumetaja potasiamu, hatuna budi kutaja madafu. Chennai ni mji wa madafu. Yanauzwa juu ya mikokoteni kila pembe ya barabara, ya kijani na ya manjano, na muuzaji huyafyeka kwa panga lililopinda, kwa ustadi usio chini ya ule wa vijana wetu wa Tanga. Kwa miezi mitatu tuliyapita. Maji ya dafu ni safi ndani ya ganda lake, lakini yana madini hayo ya potasiamu kwa wingi, na baadhi ya dawa za figo hupandisha madini hayo katika damu hadi moyo ukahatarika. Siku ya kliniki ya mwisho, Jumatatu ya tarehe 18, majibu yalikuwa mazuri, na daktari alipouliza kama tuna swali lolote, tuliuliza la dafu. Alicheka. Akaandika kwa mkono wake, chini ya orodha ya dawa, kama anayeandika dawa nyingine: nusu dafu, mara moja. Tulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkokoteni wa kona ya hospitali, tukiwa na bilauri yetu. Nusu ilinywewa na mpokeaji akiwa amesimama palepale juani, polepole sana. Watu wa pwani watatuelewa.

Usiku wa Jumatano, ukiwa umebaki usiku mmoja kabla ya safari, Amma alipika biriani. Watu wa jimbo lile hujivunia biriani ya Ambur, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kwenda Bangalore, wenye viwanda vya ngozi na Waislamu wengi. Mtu wa Zanzibar akiwekewa atasema hii ni pilau, na hatakuwa amekosea sana, maana wali na nyama hupikwa pamoja vikaiva pamoja, wala hapana masala ya kumimina juu kama tufanyavyo sisi. Mchele wake ni mdogo mno, punje kama bizari nyembamba, na huitwa kwa jina la bizari hiyo. Huliwa na mchuzi mzito wa bilinganya. Achari ilikuwepo pia. Amma aliitaja kwa jina lilelile, na hilo likawa neno pekee la usiku ule ambalo halikuhitaji mkalimani. Chumvi ilitukataza kuigusa.

Sufuria zilikuwa mbili, kubwa na ndogo. Lakini safari hii Amma hakutupa sinia letu kando. Ilipoadhiniwa, familia ikafungua kwa tende na uji, wakaswali Magharibi, kisha sote tukaketi kwenye mkeka mmoja, sahani yetu ikiwa katikati ya sahani zao, imepakuliwa kwanza kutoka sufuria ndogo kwa upawa wake. Hakuna aliyetuambia tuonje kidogo tu cha sufuria kubwa. Hakuna aliyesema kwamba mara moja haidhuru. Mtoto wa miaka mitano alinyoosha mkono kutuwekea kipande cha nyama kutoka sahani yake, bibi yake akaushika mkono ule kwa upole akaurudisha, akamnong'oneza jambo. Mtoto akachukua tende, akaiosha mwenyewe, akatupa.

Hapa tunaomba ruhusa ya msomaji kusema tunachokiona kwetu. Sisi ni watu wa ukarimu, na ukarimu wetu una sauti kubwa. Mgonjwa akitoka hospitali tunamjia na masufuria. Akisema hiki nimekatazwa, tunamjibu kwamba madaktari nao ni binadamu, Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji, kula ndugu yangu upate nguvu. Katika nyumba za wageni za Chennai tulikutana na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, na tulishuhudia mmoja akibembelezwa na wenzake mpaka akala achari na nyama ya jana kwa kuona haya. Aliyembembeleza alikuwa anampenda, hilo hatuna shaka nalo. Lakini mwili ni amana, na anayemsukumia mwenzake tonge asilolitaka anaichezea amana isiyo yake, kisha anaondoka kwenda kulala kwake, akimwacha mwenye mwili na usiku. Tawakkul haikumzuia msafiri kumfunga ngamia wake. Hatuoni kwa nini imzuie mgonjwa kuuliza chakula kimepikwa lini.

Tunalisema kwa sababu siku zile zile simu ya nyumbani ilikuwa haitulii. Ukoo ulikuwa umepanga kutupokea Ijumaa jioni kwa futari kubwa: mbuzi wawili, kachumbari, maji ya ukwaju, watu wa mtaa mzima, na shangazi yetu mkubwa, mpishi wa shughuli zote za ukoo kwa miaka arobaini, akiwa msimamizi. Jumapili tuliitafsiri karatasi ya daktari kwa Kiswahili, yote, tukaituma kwenye kundi la familia, na chini yake tukaomba mambo mawili: wageni waje kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na chakula chetu kipikwe peke yake. Mbuzi, tukasema, wachinjwe kama ilivyonuiwa, nyama igawiwe majirani na watoto wa madrasa.

Kundi lilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu shangazi alituma ujumbe wa sauti. Alisema ametulea tangu hatujui kushika kijiko, na kwamba leo chakula chake kimekuwa sumu. Alisema anajua watu wakirudi ng'ambo huwa wanarudi na mambo. Sauti yake ilikuwa na kilio ndani. Hatukumjibu siku hiyo. Tulimwonyesha mjukuu wa Amma ujumbe ule na kumweleza maana yake, naye akamweleza bibi yake, na Amma akataka apigwe picha. Akasimama jikoni kwake, ushungi kichwani, mkono mmoja juu ya mfuniko wa sufuria ndogo, karatasi ikiwa ukutani nyuma yake. Tuliituma picha kwa shangazi peke yake, si kwenye kundi, tukaandika kwamba huyu ni mama aliyetulisha, na hivi ndivyo anavyopika, na kwamba tunaomba shangazi yetu ashike nafasi yake.

Alhamisi jioni tuliaga. Amma alitufungia safarini tende, biskuti za pakiti na karatasi yetu, aliyoibandua ukutani akaipangusa mafuta. Nakala yake aliibakisha; alisema watakuja wengine. Mlo wa ndegeni ulikuja umefungwa kwa karatasi ya fedha, unachoma vidole, na kwa karatasi yetu huo ulikuwa mlo mzuri, tukaula wote. Tuliposhuka Ghuba kusubiri ndege ya Dar es Salaam, watu walikuwa wakila daku kwenye viti vya uwanja, na simu ikashika mtandao. Palikuwa na ujumbe wa shangazi, umetumwa usiku. Hakugusia lolote la nyuma. Aliuliza chumvi ni kijiko cha chai au cha chakula.

Tukampa shikamoo, tukamwandikia: nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, shangazi. Akajibu hapo hapo, kumbe alikuwa macho kwa ajili ya daku. Akauliza sufuria ya ukubwa gani.